Sura na Anwani: Sheria na Injili katika Mabango ya Shepard Fairey

Makala haya yanakusudia kuhakiki kazi za msanii mmoja wa Marekani, Shepard Fairey, ambaye tangu mwaka 1989 amekuwa akibandika nyuso za watu katika kuta za miji. Huenda msomaji akashangaa kuona jina la mbandika mabango katika kurasa ambazo kwa kawaida hujadili ufafanuzi wa Maandiko, historia ya Kanisa na utunzaji wa roho. Hata hivyo ziko sababu mbili za kumleta hapa. Kwanza, bango lake la mwaka 2008 lilichora uso wa mtu ambaye Afrika Mashariki ilimpokea kama mwana wake. Pili, maneno mawili yaliyomfanya msanii huyu ajulikane duniani ni maneno ambayo sisi watumishi wa Neno tunayashughulikia kila Jumapili: "Tii" na "Tumaini". Mlutheri hawezi kuyaona maneno hayo ukutani asiulize swali alilofundishwa kuuliza juu ya kila mahubiri: ipi hapa ni Sheria, na ipi ni Injili?

Msanii na ufundi wake

Fairey alizaliwa Charleston, katika jimbo la South Carolina, mwaka 1970. Alipokuwa mwanafunzi wa sanaa katika Rhode Island School of Design, mjini Providence, alitengeneza stika ndogo yenye uso wa André the Giant, mcheza mieleka Mfaransa aliyekuwa na umbo kubwa kupita kiasi, ikiwa na maneno ya kwamba jitu hilo lina kundi lake la wafuasi. Ulikuwa mzaha wa wanafunzi. Stika zikabandikwa katika nguzo na alama za barabarani, zikasambazwa na marafiki katika miji mingine. Katika miaka ya 1990 uso ule ulipunguzwa hata yakabaki macho, pua na mdomo katika weusi na weupe, na chini yake likawekwa neno moja la Kiingereza, OBEY, yaani "Tii".

Ufundi huo umezaliwa na wazazi wawili. Mzazi wa kwanza ni grafiti, yaani desturi ya vijana wa mijini kuandika majina yao kwa rangi ya kupuliza katika kuta na magari ya moshi, mara nyingi usiku na bila ruhusa. Mzazi wa pili ni sanaa ya popu ya miaka ya 1960, ambayo ilichukua picha za magazeti, sinema na matangazo ya biashara ikazifanya sanaa. Andy Warhol, kwa mfano, alichukua picha ya matangazo ya filamu ya Marilyn Monroe, akaichapa mara nyingi kwa rangi kali. Kwa grafiti Fairey alirithi ukuta, haraka, na kutojali ruhusa. Kwa sanaa ya popu alirithi uso unaojulikana, rangi bapa, na urudufu. Kisha akaongeza wekundu wa mabango ya mapinduzi ya Urusi, na maandishi meupe juu ya utepe mwekundu ambayo msanii Barbara Kruger alikuwa ameyatumia kabla yake.

Chombo chake kikuu ni stensili. Wachungaji wazee wanaikumbuka stensili ya mashine ya kurudufu iliyotuchapia liturgia na kumbukumbu za vikao. Kanuni ni ileile: palipokatwa rangi hupita, pasipokatwa haipiti. Hakuna nusu kivuli. Uso ukipita katika stensili hupoteza mashaka yake yote, kwani kila sehemu yake imekwisha kuamuliwa kuwa nuru au giza. Hapo ndipo ilipo nguvu ya sanaa hii, na hapo pia ndipo inapokuwa na hatari.

"Tii": Sheria isiyo na mtoa sheria

Neno OBEY lilitoka katika filamu ya John Carpenter iitwayo They Live, ya mwaka 1988, ambamo mtu anavaa miwani na ghafula anaona amri zilizofichwa nyuma ya matangazo ya biashara. Fairey aliichukua amri hiyo akaiweka wazi. Mwaka 1990 alikuwa ameandika tamko fupi akitaja fenomenolojia ya Heidegger, akidai kwamba stika yake haina maana yoyote yenyewe, na kwamba kazi yake ni kumwamsha mpita njia ajiulize anaona nini na kwa nini.

Dai hili lastahili kuchukuliwa kwa uzito. Mtu anayepita barabarani katika mji mkubwa huamriwa mamia ya mara kwa siku: nunua, kunywa, piga kura, badilika. Amri hizo zimevaa mavazi ya upole, naye hutii bila kujua kwamba ametii. Jitu la Fairey linamwamuru waziwazi, bila kumwambia amtii nani wala afanye nini. Mpita njia huchukia, na katika kuchukia kwake hugundua kwamba amekuwa akitii siku zote. Waalimu wetu walifundisha kwamba matumizi ya pili ya Sheria ni kuwa kioo. Katika stika ile ndogo kuna kitu kinachofanana na kioo hicho: amri inayofichua utumwa wa anayeisoma.

Lakini kioo hiki kina upungufu wake. Sheria ya Mungu humfichua mwenye dhambi kwa sababu nyuma yake yuko Mungu aliyeitoa, ambaye pia ana neno la pili la kusema. Amri ya Fairey haina aliyeitoa. Ikisha kumwamsha mtu, humwacha macho barabarani bila mahali pa kwenda. Nayo dunia haikukawia kuizoea. Kuanzia mwaka 2001 neno lile likawa nembo ya nguo, na vijana wakalivaa kifuani kama wanavyovaa nembo nyingine. Mzaha juu ya utii wa biashara ukawa biashara inayotiiwa. Nasema hivi nikikumbuka kwamba mtu anastahili kula kwa kazi yake, na fulana si dhambi. Ninachosema ni kwamba Sheria isiyo na mtoa sheria hudumu kwa muda mfupi tu kabla haijageuka kuwa pambo.

"Tumaini": sura na anwani

Mapema mwaka 2008, Barack Obama alipokuwa akigombea kuteuliwa na chama chake, Fairey alichora bango la uso wake kwa wekundu, rangi ya maziwa, na buluu za aina mbili. Nakala za kwanza zilikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya "Maendeleo". Muda si mrefu likafuata lile lililojulikana zaidi, HOPE, yaani "Tumaini". Nyingine ziliuzwa, nyingine zikabandikwa mitaani, na fedha zilizopatikana zikachapa nyingine, hata mabango na stika zikahesabika kwa mamia ya maelfu. Mwezi Januari 2009, kabla ya Obama kuapishwa, Jumba la Taifa la Picha za Watu huko Washington lilikuwa limekwisha kuipokea nakala iliyotengenezwa kwa mkono. Kazi ya mbandika mabango iliingia mlango wa mbele wa serikali.

Hapa kwetu furaha ilikuwa kubwa. Kenya ilifanya tarehe 6 Novemba 2008 kuwa siku ya mapumziko ya taifa, na sura ya mwana wa mtu wa Kogelo ikavaliwa katika kanga na fulana. Tusiidharau furaha hiyo. Watu ambao magazeti ya dunia yamezoea kuwaonyesha kama nyuso za njaa na vita waliuona uso unaofanana na wao ukiinuliwa kwa heshima. Aliyelia machozi siku ile hakuwa mjinga.

Hata hivyo mhakiki hana budi kuutazama uso wenyewe. Macho yameinuliwa kuelekea mahali tusipopaona. Ngozi haina rangi ya ngozi: upande mmoja ni mwekundu, upande mwingine ni buluu, yaani rangi za bendera. Wako wanaosema kwamba huu ni upatanisho, mtu mmoja akizibeba rangi zote za taifa lake. Mimi naona pia gharama yake. Ili uso wa Mwafrika upokewe na wote, ilibidi kwanza Uafrika wake ufutwe kwa rangi. Mtume Paulo anapowaambia Wagalatia kwamba katika Kristo hakuna Myahudi wala Myunani, hamfuti Myahudi wala Myunani. Anawaita wote mezani wakiwa kama walivyo.

Chini ya uso huo kuna neno moja. Katika Marko 12, Bwana wetu alipoonyeshwa dinari aliuliza sanamu ile na anwani ile ni za nani. Aliwafundisha wasikilizaji wake kusoma sura pamoja na maandishi yake, na kuuliza ni kitu gani kinachodaiwa kwa njia ya viwili hivyo. Tukilisoma bango hili namna hiyo, tunaona kwamba sura ni ya mwanadamu aliye hai, na anwani ni jina la fadhila ya kimungu. Bango halisemi kwamba mtu huyu ana matumaini, wala kwamba tutumaini jambo fulani. Limeuweka uso na neno pamoja hata vikawa kitu kimoja. Mtume naye, katika Warumi 8, anafundisha kwamba tumaini lililokwisha kuonekana si tumaini tena. Bango linatuonyesha hicho hasa: tumaini linaloonekana, lenye tai na koti.

Mtu aweza kupinga akisema: ndugu mchungaji, huu ni uchaguzi wa kisiasa, nawe unauhukumu kama mahubiri. Pingamizi hili ni la haki. Luther alitufundisha kwamba Mungu hutawala kwa mkono wa kushoto pia, na kutumaini barabara, shule na amani kutoka kwa mtawala mwema si kuabudu sanamu. Lakini tumaini la mkono wa kushoto lina vipimo: hutaja jambo linalotarajiwa, na humruhusu mtawala awe mtu. Tumaini lisilotaja jambo lolote halina kipimo, na mwanadamu anayebebeshwa tumaini lisilo na kipimo amebebeshwa mzigo wa Mungu. Hapo neno lililoonekana kuwa injili humgeukia kuwa sheria kali, kwa maana lolote atakalotenda halitatosha. Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 2015 Fairey mwenyewe alipoulizwa na waandishi kama Obama aliufikia ujumbe wa bango lile, alijibu kwamba hakuukaribia hata kidogo, akataja ndege za kivita zisizo na rubani na upelelezi wa serikali juu ya raia. Mchoraji alimhukumu aliyechorwa kwa sheria ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika chini ya uso wake.

Picha ilitoka wapi?

Fairey hakumchora Obama kwa kumtazama. Alitumia picha iliyopigwa mwezi Aprili 2006 na mpiga picha Mannie Garcia, aliyekuwa akifanya kazi kwa ajili ya shirika la habari la Associated Press. Ilipigwa katika mkutano wa waandishi wa habari mjini Washington, na mada ya mkutano ilikuwa mateso ya watu wa Darfur, nchini Sudan. Jambo hili hutajwa mara chache, nalo kwangu ni zito kuliko yote. Uso ule uliokuja kuwa alama ya tumaini la Marekani ulikuwa, wakati wa kupigwa picha, umeketi mahali palipozungumzwa vijiji vya Waafrika vilivyochomwa. Stensili ilikata yote hayo. Macho yaliyokuwapo mbele ya habari za mateso yakawa macho yanayotazama utukufu. Theologia ya msalaba na theologia ya utukufu, ambazo Luther alizitenganisha huko Heidelberg mwaka 1518, hapa zimetenganishwa kwa wembe.

Kilichofuata kinajulikana. Mwaka 2009 shirika lilidai haki yake, naye Fairey akalitangulia mahakamani akiomba itamkwe kwamba aliitumia picha kihalali. Katika shauri hilo alidai kwamba alitumia picha nyingine ya mkutano uleule, ambamo mwigizaji George Clooney ameketi karibu na Obama. Mwezi Oktoba mwaka uleule alikiri kwamba hiyo haikuwa kweli, na kwamba alikuwa amefuta ushahidi na kutengeneza mwingine wa uongo. Pande zote zilipatana mwezi Januari 2011, hivyo mahakama haikupata kuamua suala lenyewe la haki ya kutumia picha. Mwaka 2012 alikiri kosa la kuidharau mahakama, akahukumiwa miaka 2 ya uangalizi, saa 300 za kazi ya jamii, na faini ya dola 25,000.

Katika maelezo ya Amri ya Nane, Katekisimo Ndogo inatudai tumnene jirani kwa wema na kufasiri mambo yake upande ulio bora. Nitajitahidi kufanya hivyo. Kuchukua picha ya mwingine na kuigeuza ni desturi ya zamani ya sanaa ya popu, na watu wenye elimu ya sheria wametofautiana juu yake kwa unyofu. Aidha, Fairey alikiri kabla ya hukumu. Pamoja na hayo, uongo ule una uhusiano na kazi yenyewe. Tayari mwaka 2007 msanii Mark Vallen wa Los Angeles alikuwa ameandika akimshutumu Fairey kwa kuchukua mabango ya harakati za ukombozi za mataifa mbalimbali bila kuwataja waliotangulia. Msanii aliyezoea kukata uso kutoka mahali pake hujifunza polepole kwamba mahali pale hapana maana. Amri ya Saba inatutaka tulinde riziki ya jirani, na Amri ya Nane tulinde jina lake. Mpiga picha aliyesahauliwa na wanakijiji wa Darfur waliokatwa wako pamoja upande uleule wa wembe.

Uso wa Luther

Sisi Walutheri hatuna nafasi ya kujivuna katika jambo hili. Kanisa letu lilizaliwa pamoja na uso uliorudufiwa. Mwaka 1520 Lucas Cranach alichonga sura ya mtawa Martin katika bamba la shaba. Mwaka 1521 Hans Baldung Grien alimchora akiwa na miali ya utakatifu kichwani na njiwa juu yake, na katika siku za Bunge la Worms mjumbe wa Papa alilalamika kwamba watu wananunua picha za namna hiyo na kuzibusu. Lilikuwa bango la tumaini la karne ya 16, na lilikuwa na kasoro ileile.

Lakini historia haikuishia hapo. Mwezi Machi 1522 Luther alirudi Wittenberg akahubiri siku 8 mfululizo dhidi ya wavunja sanamu. Alifundisha kwamba picha ni jambo la uhuru, na kwamba kinachopaswa kung'olewa kwanza ni imani potofu moyoni, nayo hung'olewa na Neno. Na mwaka 1547, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, iliwekwa katika kanisa la mji wa Wittenberg madhabahu iliyochorwa katika karakana ya Cranach. Katika ubao wa chini Luther yuko mimbarani upande mmoja, usharika upande wa pili, na katikati amesimama Kristo msulibiwa. Mhubiri ameweka mkono mmoja juu ya Biblia, na kwa mwingine anamwonyesha Kristo kwa kidole. Uso wa Luther upo na unatambulikana, ila usharika hauutazami.

Ukuta wa Braamfontein

Ingekuwa dhuluma kumhukumu Fairey kwa bango moja. Mwaka 2014 alichora katika ukuta wa jengo refu huko Braamfontein, Johannesburg, sura kubwa ya Nelson Mandela. Mchoro huo ni kumbukumbu ya maandamano ya tarehe 2 Septemba 1989 mjini Cape Town, ambapo polisi waliwapiga waandamanaji kwa maji yenye rangi ya zambarau ili watambulikane na kukamatwa. Mwandamanaji mmoja alipanda gari la polisi akaligeuza bomba la maji. Baadaye yakaonekana maandishi ukutani yakisema kwamba zambarau itatawala, yakicheza na ahadi ya Hati ya Uhuru ya mwaka 1955 kwamba watu watatawala. Fairey alirudisha maneno hayo katika kazi yake.

Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake iliyo bora kati ya hizi tatu. Uso ni wa mtu mashuhuri, rangi ni bapa, stensili ni ileile. Tofauti iko katika anwani. Hapa neno halikubuniwa na msanii wala halikutolewa na kampeni. Liliandikwa na watu walioloweshwa. Linataja siku, mji na tendo. Uso wa Mandela, ambaye siku ile ya 1989 alikuwa bado kifungoni, haubebi tumaini peke yake, bali unawaonyesha wengine wasio na majina. Unafanya kazi ya kidole cha Wittenberg, hata kama hauelekezi mahali pa mwisho ambapo kidole kile kilielekeza.

Mabango yetu

Haya yanatuhusu sisi watumishi wa Kanisa kwa karibu. Tazama mabango ya mikutano ya injili yaliyobandikwa kando ya barabara zetu: uso wa mhubiri umejaa nafasi, na chini yake neno "Muujiza" au "Ushindi". Tazama kalenda, na vitenge vya jubilei na vya kuingizwa kazini vyenye sura za viongozi. Sisemi vichomwe moto. Ningekuwa nimejiunga na wale ambao Luther aliwahubiria siku 8. Lakini usharika unaofundishwa kuusoma uso wa mchungaji na neno la wokovu kuwa kitu kimoja utaanguka siku mchungaji huyo atakapoanguka, naye mchungaji atavunjika chini ya mzigo asioumbiwa kuubeba. Wengi wetu tumewazika au kuwaombea ndugu waliovunjika namna hiyo.

Kwa hiyo mwanafunzi atakayeombwa kutengeneza bango la juma la uinjilisti, kabla hajalipeleka kwa mchapaji, na aulize maswali ambayo kazi za Fairey zimetufundisha kuuliza. Sura hii imekatwa kutoka wapi, na ni nani aliyeachwa nje ya picha? Je, neno lililo chini yake linataja jambo ambalo Mungu amelitenda, au limening'inizwa tu shingoni mwa mtu? Na mtazamaji akisha kuutazama uso huu, macho yake yanaelekezwa wapi? Bango lisiloweza kulijibu swali la tatu lirudishwe mezani, lichorwe upya.